Mama alitaka picha ya ubongo: kisa cha kijana wa Kisauni na waifai isiyokatika

Kijana ana miaka 17, yuko Kidato cha Nne katika shule ya kutwa, na anaishi Kisauni, Mombasa, na mamake na wadogo zake wawili. Babake ni dereva wa trela. Hupakia bandarini na kushusha Kampala, kwa hiyo nyumbani huonekana siku chache tu kwa mwezi. Mama hukaanga mahamri na kupika mbaazi za nazi, biashara ya mlangoni, na kazi hiyo humwamsha saa kumi alfajiri. Ni katika saa hizo za kusukuma unga ndipo alipoanza kuona mwanga chini ya shuka la mwanawe. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili familia isitambulike, nao wameridhia kisa kiandikwe.

Waliponifikia mimi, mshauri nasaha, jambo lilikuwa limeshapita mikono mingi. Ami yake alisema ni jini, kijana akasomewa. Mwalimu wa darasa alisema ni uvivu, maana alikuwa analala vipindi vya asubuhi na alama zake za hesabu zilikuwa zimeporomoka. Mama mwenyewe alijaribu kumnyang'anya simu, na usiku huo kijana, ambaye hajawahi kumpandishia mamake sauti, alipiga ngumi mlango wa choo mpaka ubao ukapasuka. Aliyefunga mjadala ni shangazi. Alituma kwenye grupu la familia kijivideo chenye ubongo wa mabaka mekundu na buluu, na sauti ikisema utafiti umethibitisha kwamba intaneti inageuza ubongo wa vijana sawasawa na madawa ya kulevya.

Baada ya hapo mama hakupata usingizi. Pwani hii watu hawahitaji kuelezwa madawa ni nini. Mateja tunawaona vichochoroni, na wengi wetu tuna jamaa aliyepotelea kwenye unga wa heroini au anayekwenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kumtoa huko. "Mwanangu amekuwa teja wa simu," aliniambia. "Yuwakesha hata mato yamekuwa mekundu. Nataka apigwe picha ya kichwa, nijue ubongo umeharibika kiasi gani." Bei ya MRI, kipimo cha kupiga picha ya ndani ya mwili, alikuwa ameshaiulizia, na pesa ameanza kuweka kando.

Ombi hilo ndilo lililonifanya niandike. Utafiti anaousema shangazi upo, wala si uzushi. Kilichokwenda kombo ni kazi uliyopewa ndani ya nyumba ile: uligeuzwa kuwa hukumu juu ya kijana mmoja, ilhali ungeweza kuwasaidia kwa njia nyepesi zaidi na ya bei nafuu kuliko MRI.

Usiku mmoja

Nilimwomba anisimulie usiku mmoja tu, wowote, tangu anatoka shule. Akaanza kwa uzito kisha akachangamka. Anarudi saa kumi na moja jioni, anakula, anajilaza. Akiamka baada ya magharibi ana kichwa kizito na hana hamu ya vitabu. Saa tatu kikosi kinaanza kukusanyika. Ni mchezo wa vita wa simu, watu wanne kwa kikosi, wanasikizana kwa vipokea sauti vya masikioni. Raundi ikiisha, wakati wenzake wanajipanga upya, yeye anaingia kwenye video fupifupi. Saa nane usiku kikosi kinavunjika. Nikadhani hapo ndipo analala. "Hapo ndiyo mbaya," akasema. "Naendelea kuskroli peke yangu. Hata raha sioni. Ni kidole tu chajiendea."

Muda wote huo simu ilikuwa imelala kifudifudi juu ya goti lake, na kidole gumba kinapanda na kushuka ubavuni mwake. Ilipotetema hakuigeuza. Alinyamaza katikati ya neno, akanitazama, akamalizia sentensi kwa adabu kabisa. Nilipomuuliza swali lililofuata nilitambua hakulisikia. Mwili ulikuwa nami, umakini uko gotini.

Mambo mawili aliyoyasema kwa kupita tu ndiyo yaliyonipa mwanga. La kwanza: wale wenzake watatu wa kikosi ni watoto wa Mikindani. Familia ilikuwa ikikaa huko mpaka mwaka jana, na hao ndio aliokuwa akicheza nao mpira kila jioni. Kutoka Kisauni mpaka Mikindani ni kuvuka daraja la Nyali, kuingia mjini, kupanda matatu ya pili na kutoka kisiwani upande wa pili. Nauli ya kwenda na kurudi hana. Kiwanja kimehamia kwenye simu. Ukimwambia aache mchezo saa tatu usiku, kwa masikio yake umemwambia aache marafiki wote alionao. "Nikitoka katikati, tunabaki watatu, twapigwa," alinieleza. "Kesho nani atanichagua?"

La pili: kule Mikindani alikuwa ananunua bando. Bando likiisha saa tano, usiku umeisha. Walipohamia kwenye ghorofa la Kisauni, mama alilipia waifai ya mwezi, watoto wapate masomo na baba aweze kupiga simu ya video akiwa njiani. Waifai haina kikomo. Wiki chache baadaye kijana akaanza kukesha, lakini hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa waifai ilikuja kama neema. Na ni neema kweli. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilizoletwa chini ya bahari zilifika hapahapa Mombasa mwaka 2009. Kabla yake nchi nzima ilikuwa ikitegemea setilaiti, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Leo mtu wa ghorofa la Kisauni anavuta video usiku kucha kwa malipo yaleyale ya mwezi. Mpaka uliokuwa ukiwekwa na mfuko wa kijana umeondoka, na hakuna aliyeweka mwingine.

Mama aliongeza jambo akidhani ni dogo: siku ambazo baba yuko nyumbani, kijana hulala saa tano bila kuambiwa. Wanashuka pamoja ufukweni Mama Ngina kula mihogo, wanarudi, wanalala. Nililiandika na kulipigia mstari. Teja wa unga hapumziki uraibu wake kwa sababu baba amerudi kutoka Kampala. Mwili wake wenyewe utamsulubu kwa maumivu, kuhara na kutapika. Hapa hapakuwa na kitu kama hicho.

Picha zenyewe zinaonyesha nini

Jina "uraibu wa intaneti" lilianza kwa mzaha. Mwaka 1995 daktari wa akili wa New York, Ivan Goldberg, alitunga dalili za ugonjwa huo kuwadhihaki wenzake kwa tabia yao ya kuupa kila kitu jina la maradhi. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young akalichukua kwa uzito, na baadaye akatunga dodoso la maswali 20 ambalo bado linatumika. Mwaka 2013 Wamarekani waliingiza tatizo la michezo ya intaneti katika mwongozo wao wa magonjwa ya akili, DSM-5, lakini kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuchunguzwa zaidi. Shirika la Afya Duniani likaenda mbele: katika ICD-11, orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, uraibu wa michezo ya kidijitali ni ugonjwa kamili. Uraibu wa intaneti kwa jumla haumo. Anayekesha kwa video fupi pekee hana jina lake humo.

Utafiti uliokuwa nyuma ya kijivideo cha shangazi, kwa jinsi kilivyoeleza, ni ule uliochapishwa Juni 2024 katika jarida la PLOS Mental Health na Max Chang na Irene Lee wa Chuo Kikuu cha London, UCL. Wao hawakumpiga mtu picha. Walikusanya tafiti 12 za wengine, zenye jumla ya vijana 237 wa miaka 10 hadi 19 waliokwisha kutambuliwa rasmi kuwa na uraibu wa intaneti, wakaangalia zinakubaliana wapi. Sehemu za ubongo zinazoshughulika mtu akiwa ametulia bila kazi zilionyesha mchanganyiko: mahali pengine shughuli imezidi, mahali pengine imepungua. Kwenye mtandao wa udhibiti, yaani zile sehemu zinazofanya kazi pamoja mtu anapopima uamuzi, anapojizuia au anapolazimika kushikilia jambo moja akilini, mawasiliano yalikuwa yamepungua kwa jumla.

Hayo si madogo, na sikumficha mama. Lakini 237 kwa tafiti 12 ni kama vijana 20 kwa kila utafiti, na nyingi zilifanywa Asia Mashariki, hasa Uchina na Korea Kusini. Halafu kuna namna kipimo chenyewe kinavyofanya kazi. MRI iliyotumika katika tafiti hizo, iliyotokana na kazi ya Seiji Ogawa na wenzake mwaka 1990, haipigi picha ya fikra. Inafuatilia oksijeni kwenye damu: sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu huelekea huko, na mashine hunasa badiliko hilo dogo. Kisha wastani wa kundi moja unalinganishwa na wastani wa kundi jingine. Yale mabaka mekundu na buluu ni hesabu za tofauti baina ya makundi zilizopakwa rangi. Kwa kijana mmoja peke yake hayasomeki. Hakuna daktari, Mombasa wala London, atakayetazama picha ya mtoto wako na kukwambia ubongo huu ni wa mraibu wa intaneti, huu si wake.

Kilichonitia wasiwasi kuliko gharama ni jibu ambalo MRI ya kawaida ya hospitali ingeleta. Ingetafuta uvimbe, damu iliyovuja, kovu, na kwa kijana huyu mwenye afya yake ingesema hakuna kitu. Mama angerudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa "kawaida", na siku hiyohiyo ami angesema, "Si niliwaambia ni jini?" na mwalimu angesema, "Si niliwaambia ni uvivu?" Akiba yote ya mahamri ingekuwa imenunua ushahidi dhidi ya kijana.

Suala la kipi kilitangulia nalo halimo kwenye picha. Ukimpima mtu mara moja, huwezi kujua kama udhibiti ulilegea kwa sababu ya intaneti, au kijana mwenye udhibiti legevu ndiye aliyenaswa kirahisi. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo kitovu cha kujizuia, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Katika miaka 17 kila kijana yuko katikati ya safari hiyo, awe na waifai asiwe nayo.

Na kuna usingizi, ambao watu huuruka. Mwaka 2007 Seung-Schik Yoo, Matthew Walker na wenzao waliwakesha watu wazima wenye afya, kisha wakawaonyesha picha za kuudhi wakiwa ndani ya mashine. Amigdala, sehemu ndogo inayoshughulika na hofu na hasira, ilishtuka kwa takriban asilimia 60 zaidi kuliko ya wale waliolala, na mawasiliano yake na sehemu ya mbele ya ubongo yalikuwa hafifu. Huo ni usiku mmoja tu. Kijana wetu alikuwa akipata usingizi wa saa tatu au nne tu kwa usiku, kwa miezi, wakati umri wake unahitaji saa 8 hadi 10. Ule mlango wa choo uliopasuka, mimi nauhesabu kwanza kwenye akaunti ya usingizi.

Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na zawadi, ndiyo iliyopewa kelele nyingi zaidi kwenye kijivideo, kwa hiyo neno moja tu. Ni kweli michezo huiamsha: mwaka 1998 watafiti wa London waliwapima wanaume 8 wakicheza mchezo wa kuendesha kifaru kwa malipo, na dopamini ikapanda. Lakini dopamini hupanda pia kwa chakula kitamu na kwa mambo mengine mengi mema. Inachopenda hasa ni zawadi isiyotarajiwa, na hapo ndipo video fupi zina nguvu: tisa hazina maana, ya kumi inakuchekesha mpaka machozi, na hujui ya kumi itakuja lini. Hilo linaeleza kidole kinachojiendea saa nane usiku. Halimfanyi mtu kuwa teja.

"Kwani umeharibika?"

Kijana alikuwa amekiona kijivideo kabla ya mamake kukileta kwangu. Mama alipotoka nje kupokea simu, aliuliza bila kuinua macho: "Kwani ubongo wangu umeharibika?" Nikamuuliza yeye anaonaje. Akasema kama umeshaharibika, basi hakuna haja ya kujisumbua na mtihani.

Hapo ndipo nilipoona madhara ya kijivideo kile. Kilikuwa kimempa ruhusa ya kukata tamaa, tena kwa jina la sayansi. Nilimjibu kwa lugha ya kazi ya babake. Trela lililobeba kontena likiteremka, dereva mwenye akili hategemei breki za mguu peke yake, maana zitapata moto na kufeli. Hupunguza gia kabla ya kuanza kuteremka. Breki zake yeye bado mpya, na usiku wa manane, bila usingizi, ndio mteremko wenyewe. Kwa hiyo hatutasubiri saa saba usiku ndipo tumdai ajizuie. Tutapunguza gia saa nne. Alicheka kidogo akasema babake angependa kusikia hivyo.

Sikumpa jina la ugonjwa. ICD-11 inataka mtu awe amepoteza udhibiti juu ya mchezo, mchezo uwe umetangulia mbele ya mambo mengine yote, na aendelee japo unamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Dalili mbili hivi alikuwa nazo, ya tatu nusunusu, na mwaka haujafika. Mshauri mwingine angeweza kuona tofauti. Mimi niliangalia zile siku ambazo baba yupo, nikaona udhibiti upo, unahitaji egemeo.

Ruta, simu ya baba na jiko

Tulikubaliana kwamba simu haitanyang'anywa. Badala yake ruta ingechomolewa saa nne na nusu usiku, kila usiku, na simu yake ilale jikoni ikichajiwa karibu na beseni la unga, mahali ambapo mama ndiye wa kwanza kuamka. Saa aliichagua mwenyewe kijana. Aliwaandikia wenzake wa Mikindani palepale mbele yangu kwamba kuanzia sasa yeye anatoka saa nne na robo, raundi ya mwisho waianze mapema. Mmoja alijibu kwa emoji ya jeneza. Wawili wakasema sawa, na mmoja kati ya hao akaongeza kwamba hata yeye mamake anamfokea.

Mpango ulikwama mahali ambapo hatukupategemea. Baba hupiga simu ya video akishaegesha, na foleni ya mpakani Malaba ikiwa ndefu huegesha usiku sana. Ruta ikichomolewa, baba hampati mtu. Usiku wa kwanza alidhani kuna msiba nyumbani. Mama akairudisha ruta, kijana akaisikia taa ya ruta kama adhana, na kesho yake tukaanza upya. Sasa baba hupiga simu ya kawaida baada ya isha, anaongea na mwanawe kwanza kabla ya mama, na video wanaiacha mpaka mwisho wa wiki. Nadhani hiyo simu ya baada ya isha imefanya kazi kubwa kuliko ruta, ingawa sina namna ya kuzitenganisha.

Jumapili alipewa nauli ya kwenda Mikindani kucheza mpira. Mama alipinga mwanzoni, akiona ni kumtuza mkosaji. Nilimwambia ni bei ya mahamri machache, wala haifiki hata kipande cha ile pesa ya MRI. Alikubali kwa shingo upande, na Jumapili ya kwanza kijana alirudi amechoka hata hakuulizia simu.

Likizo ilipoingia aliteleza. Jirani wa ghorofa ya juu alikuwa akimwachia hotspoti, na mama akamkuta jikoni saa tisa usiku, amesimama kwenye giza na simu ingali kwenye chaja. Hakupiga mlango safari hii. Walikaa wote wawili mpaka saa ya kusukuma unga, naye akausukuma. Asubuhi mama alinipigia akitaka kujua kama huo ni ushahidi kwamba ubongo umeshindikana. Nilimwambia ni ushahidi kwamba likizo haina ratiba. Tukapanga likizo.

Shule zilipofunguliwa alikuwa akilala saa tano na kuamka saa kumi na moja na nusu. Kwa umri wake bado ni pungufu, ila ni karibu maradufu ya zamani. Mwalimu anasema halali tena darasani. Hesabu zimepanda kidogo, si za kutangaza. Ami ameshikilia msimamo wake wa jini, na anasema ni kisomo ndicho kilichofanya kazi. Hilo hatukubishana naye.

Linalonishughulisha sasa ni Novemba. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikiisha, kijana ataingia kwenye miezi mirefu isiyo na shule, isiyo na saa ya kuamka, na waifai ileile. Baba anataka amchukue kama utingo mpaka Kampala, aone kazi. Mama hataki kabisa kusikia habari ya barabara, anapendelea gereji ya mjomba wao Changamwe, ambako atakuwa karibu na Mikindani vilevile. Kijana anataka kozi ya kompyuta, na mama akilisikia neno kompyuta hushika kichwa. Wataamua wao. Nimewaomba tu uamuzi uwepo kabla ya karatasi ya mwisho ya mtihani, na shangazi aulizwe pia, kwa sababu grupu la familia ni lake.